Kericho na Bomet: Nani Ataisimulia Ardhi Hii?

Picha ya Kericho inajulikana hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko. Imo kwenye pakiti za majani chai, kwenye kalenda za ukutani, kwenye vijitabu vya watalii na katika vitabu vya Jiografia: vilima vilivyovikwa kijani kibichi, wingu la mvua ya alasiri, na mwanamke aliyebeba kapu mgongoni akichuma majani mawili na kichipukizi. Ni picha nzuri, tena si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inaianza hadithi katikati. Haisemi ni nani waliokuwa wakiishi juu ya vilima hivyo kabla ya mche wa kwanza kupandwa, wala haisemi waliondokaje.

Katika miaka ya karibuni wasanii wa filamu, wa hapa kwetu na wa ng'ambo, wamejitokeza kushughulikia maswali ya aina hiyo: urithi wa ukoloni, watu kufurushwa makwao, na ukaidi wa wale waliokataa kunyamaza. Wapo wanaoziona filamu hizi kuwa anasa ya watu wa majumba ya sanaa huko Ulaya. Mimi nina rai tofauti. Nashikilia kwamba mahali kama Kericho na Bomet panazihitaji filamu hizi kama vile kesi inavyohitaji shahidi, na kwamba walimu na wanafunzi wa huko wana haki na wajibu wa kwanza wa kuzitengeneza.

Tuanze na yaliyo bayana. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliihesabu ardhi ya Mwafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, na ile ya mwaka 1915 ikampa mlowezi uwezo wa kukodi kwa miaka 999. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 huko Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa. Hata hivyo ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay. Wenyeji walisukumwa kwenye hifadhi walizotengewa, na wengine wakageuka maskwota au vibarua juu ya udongo wa babu zao.

Ukoo wa Talai ulipata adhabu ya ziada. Huu ndio ukoo wa Orgoiyot, yaani kiongozi wa kiroho ambaye Wanandi na Wakipsigis walimwendea kwa ushauri na baraka. Mnamo tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orgoiyot wa Wanandi, aliuawa kwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa mapatano. Mwaka 1914 ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa Orgoiyot wa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu hadi Murang'a, ambako alifia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Talai wote, wazee, akina mama na watoto, takriban watu 700. Walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na mbu, mbali na baridi ya milima waliyoizoea. Sheria yenyewe iliwaita kwa neno la Kimaasai, laibon, kana kwamba hata jina lao lilikuwa si haki yao. Waliporejea karibu na wakati wa Uhuru, wengi walikuta ardhi imeshapata wenyewe wengine.

Msomaji atauliza: je, haya hayajafikishwa mbele ya vyombo vya sheria? Yamefikishwa. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa serikali ya Uingereza kwa kutolishughulikia suala hilo. Agosti 2022 walalamishi walipeleka malalamiko yao kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya kati ya tarehe 31 Oktoba na 3 Novemba 2023, alieleza huzuni na majuto juu ya ukatili wa enzi hizo, lakini neno la kuomba radhi halikumtoka.

Hapo ndipo panapoonekana upungufu wa njia ya karatasi peke yake. Mahakama huuliza hati, barua, ramani na sahihi. Hati hizo ziliandikwa na nani? Ziliandikwa na yule yule aliyefurusha. Aliyefurushwa hakuachiwa daftari. Aliachiwa kumbukumbu tu. Tena hata karatasi za mfurushaji hazikuwa wazi kwa watu wote. Ni mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza huko London, ndipo ilipofichuka kwamba maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Miaka miwili baadaye, Juni 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Fidia hiyo haikuletwa na majalada pekee. Iliwezekana kwa sababu wazee kwa vikongwe walisimama na kusema, "Mimi nilikuwapo, na haya ndiyo niliyotendewa."

Sasa tuitazame kamera yenyewe, maana nayo ina historia yake. Haikuja Afrika Mashariki ili kutusikiliza. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio ya sinema za elimu huko Vugiri, Tanganyika, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt, uliotengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha vijijini hata Kenya na Uganda. Zilifundisha afya, kilimo bora na ulipaji wa kodi. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers. Bwana huyu aliamini kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo akaweka kanuni: picha ziende polepole, kamera isichezechezwe, hadithi isonge hatua kwa hatua kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Kuna kisa cha enzi hizo ambacho kila mwalimu angefaa kukijua. Mtaalamu mmoja wa London, John Wilson, alisimulia jinsi wanakijiji walivyoonyeshwa filamu ya dakika tano hivi kuhusu bwana afya anayeondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama kuna kuku ndani yake. Waliporudia kuitazama picha moja baada ya nyingine, kweli wakamwona: kuku alipita upesi kwenye pembe ya chini ya picha. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Mwafrika hakujua kutazama sinema. Kwangu mimi kinathibitisha kinyume chake. Watazamaji wale waliona kitu kilichokuwamo kweli, ambacho wenye filamu hawakukiona kwa sababu walishaamua mapema ni nini kinachofaa kuonekana.

Kazi ya wasanii ninaowazungumzia ni kumtafuta kuku huyo. Wanarudi kwenye filamu za wakoloni na kwenye mandhari za wakoloni, na kuangalia pembeni, alikosimama yule ambaye hakuombwa kusema. Mmoja wao ni Onyeka Igwe, msanii wa London mwenye asili ya Nijeria. Katika filamu yake fupi ya mwaka 2018, Specialised Technique, alizichukua picha za ngoma zilizopigwa chini ya kanuni za Sellers, akazivunja na kuwauliza wachezaji maswali ambayo mpiga picha wa zamani hakuwauliza. Katika nyingine ya mwaka 2020, a so-called archive, aliingiza kamera katika majengo mawili yaliyowahi kuhifadhi filamu za dola, moja Lagos na jingine Bristol. Anachotuonyesha ni vyumba vitupu na vumbi, nasi tunabaki kujiuliza ni ya nani kumbukumbu inayooza humo.

Hapa Afrika Mashariki njia iliyofuatwa zaidi ni ile ya kuandamana na watu wanaotafuta chao. Cece Mlay wa Tanzania, akishirikiana na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, alitoa mwaka 2024 filamu ya The Empty Grave. Inafuata familia ya Songea Mbano, shujaa wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Maji Maji na ambaye kichwa chake kinasadikiwa kupelekwa Ujerumani. Novemba mosi 2023, Mfalme wa Uingereza akiwa bado ziarani Kenya, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama mjini Songea na kuomba msamaha. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyomleta Songea, maana familia ilikuwa imedai kwa miaka mingi. Ila yeyote anayeitazama hawezi tena kusema kwamba haya ni mambo ya kale yasiyomhusu mtu aliye hai. Kaburi lililo tupu lina wajukuu wake.

Kenya nayo haikubaki nyuma. Zippy Kimundu na Meena Nanji, katika Our Land, Our Freedom ya mwaka 2023, walimfuata Wanjugu, bintiye Dedan Kimathi, akitafuta mahali alipozikwa babake na akihangaikia wapiganaji wa Mau Mau wasio na hata kipande cha shamba. The Battle for Laikipia ya Peter Murimi na Daphne Matziaraki, iliyotoka mwaka 2024, inawaweka wafugaji wa Kisamburu na wenye ranchi wa asili ya Kizungu katika ukame mmoja na nyasi zile zile, na kuwaacha wote wawili waseme. Hii ya pili ina somo kubwa kwetu, kwa kuwa haikumnyima mpinzani nafasi ya kujieleza, lakini pia haikujifanya kwamba historia ya pande hizo mbili ni sawa.

Linganisha filamu hizo na ile maarufu ya chai, Song of Ceylon, iliyoongozwa na Basil Wright mwaka 1934, mwaka ule ule wa sheria ya kuwaondoa Talai. Iligharimiwa na bodi ya kuitangaza chai ya Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Ni kazi ya ustadi mkubwa na bado husifiwa na wajuzi wa sinema. Lakini uzuri wake ulilipiwa na mwenye kuuza. Tangu wakati huo chai imekuwa na watengenezaji picha wa kutosha. Aliyekosa mtengenezaji picha ni mchumaji, na yule aliyekuwapo kabla ya mchumaji.

Tunajua kamera inaweza kufanya nini ikielekezwa kwake. Februari 2023 filamu ya uchunguzi ya shirika la BBC ilipeperushwa, ambapo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walieleza jinsi wanyapara na wakubwa wao walivyowadhulumu kingono. Minong'ono ya namna hiyo ilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa dunia ilisikia na kuona, na kunyamaza kukawa aibu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba filamu haigawi ardhi. Ni kweli, wala sijasema inagawa. Hata uamuzi wa tume si hati miliki. Lakini dai lisilosimuliwa hufa pamoja na mwenye kulidai, na watoto waliobebwa mgongoni kwenda Gwassi mwaka 1934 sasa, wale wachache wanaoweza kuwa hai, wamepita miaka tisini. Asiyekuwapo na lake halipo, na siku si nyingi hakutakuwapo hata mmoja wa kusema alikuwapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na haifai kulipuuza. Husemwa kwamba kufukua mambo ya ardhi katika Bonde la Ufa ni kuchezea moto. Wanaosema hivyo wana sababu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho waliotoka jamii nyingine walishambuliwa, na baadhi yao wakauawa. Waathiriwa 218 walijaribu kuishtaki kampuni mama huko London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakataa kuipokea kesi yao. Kwa hiyo filamu inayosema "hapa palikuwa petu" inaweza kugeuzwa na mwanasiasa kuwa "ninyi ondokeni".

Jibu langu ni kwamba ukimya haukuzuia yaliyotokea mwaka 2007. Kilichokosekana ni hadithi kamili. Mluo, Mkisii na Mluhya aliyeletwa kuishi katika laini za kampuni, chumba kimoja kwa familia nzima, hakumnyang'anya Mkipsigis shamba. Naye aliondolewa kwao na kodi ya kichwa na haja ya mshahara. Nao wakazi wa Gwassi, Wasuba na Waluo wa kando ya ziwa, waliletewa wageni wafungwa bila kuulizwa. Filamu ya haki kuhusu Kericho lazima ipite katika nyumba zote hizo. Ikiishia katika nyumba moja itakuwa ni hotuba ya kampeni yenye picha.

Pingamizi la tatu nalileta mimi mwenyewe, na linawahusu wasanii. Mara nyingi filamu hizi huonyeshwa kwanza Berlin, Amsterdam au kwenye tamasha la Sundance huko Marekani. Mzee hutoa simulizi yake uani kwake, kamera huondoka, na yeye haoni hata siku moja sura yake ilikofika. Huo nao ni uchumaji: jani linatoka hapa, thamani inaongezwa kwingine. Msanii anayetaka kuitwa mwenza wa waliofurushwa na atimize mambo matatu. Watu waseme kwa lugha wanayoota nayo, Kikipsigis au Kiswahili. Filamu ionyeshwe Kericho na Bomet, katika ukumbi wa shule au uwanja wa soko, kabla au sambamba na huko ng'ambo. Na nakala nzima, pamoja na mahojiano yasiyotumika, iachwe katika maktaba iliyo karibu na waliosimulia.

Hata hivyo hatuna haja ya kumngoja msanii kutoka mbali. Tunayo Tamasha ya Kitaifa ya Drama na Filamu ya shule na vyuo, ambayo kila mwaka hupokea filamu za wanafunzi. Simu iliyo mfukoni mwa mwalimu ina kamera ambayo Meja Notcutt angeionea wivu. Kinachohitajika ni nidhamu ya kazi. Mwanafunzi afundishwe kwamba machozi ya bibi peke yake hayatoshi. Amuulize mto uliokuwa mpaka wa boma lao uliitwaje, mti wa kivuli ulikuwa wapi, nani alikuja na askari, ng'ombe walikwenda wapi, walitembea siku ngapi. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na arudi na picha iliyokamilika ili aliyesimulia aitazame na kuisahihisha. Kisha alinganishe simulizi hizo na majalada ya maofisa wa wilaya yaliyomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi. Penye tofauti ndipo somo la Historia linapoanza.

Kwa mwalimu wa Kiswahili kazi ni ya karibu zaidi. Lete darasani tangazo moja la chai. Waombe wanafunzi wasimulie wanachokiona, kisha waombe wamtafute kuku: nani yuko pembeni, nani amekatwa na fremu, nani anazungumziwa bila kuzungumza. Kijana aliyezoea kusoma picha hivyo hatadanganywa kwa urahisi na tangazo, wala na mwanasiasa.

Haraka inahitajika, kwa kuwa picha yenyewe inabadilika. Mwaka 2023 vijana waliteketeza mashine za kuchuma chai huko Kericho, wakilia kwamba zimewanyang'anya riziki. Mwaka huo huo James Finlay ilitangaza kuyauza mashamba yake kwa kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 waliokuwa wamerithi mashamba ya Brooke Bond wakachukua njia hiyo hiyo. Kapu la mgongoni linaelekea kuwa kumbukumbu, kama lilivyokuwa boma lililotangulia shamba. Ardhi imebadilisha mikono tena, na kwa mara nyingine mazungumzo makubwa yamefanyika mbali na waliozaliwa juu yake.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Kovu la Kericho na Bomet limefunikwa na kijani kizuri mno, na huenda uzuri huo ndio uliotuchelewesha. Wazee wangali wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali nyumba zilipokuwa, katikati ya mistari iliyonyooka ya miche. Mwanafunzi mwenye simu na awafuate mpaka hapo, asimame, na arekodi wanachosema.